Watumiaji wa maktaba za programu waelezwe mapema ni kompaila ipi inayotakiwa

MWEZI Februari mwaka 2021, waandishi wengi wa programu za kompyuta katika nchi mbalimbali walikuta kazi zao zimesimama ghafla. Hawakuwa wamebadilisha neno hata moja katika programu walizoandika, wala mashine zao hazikuwa zimeharibika. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba maktaba moja ya programu waliyoitegemea, iitwayo cryptography, ilikuwa imetoa toleo jipya, na toleo hilo lilidai kompaila ambayo wengi wao hawakuwa nayo.

Maktaba hiyo ni miongoni mwa zile zinazotumiwa sana na waandishi wa lugha ya Python. Kazi yake ni kusimba taarifa ili zisisomwe na wasiohusika, na kushughulikia vyeti vya usalama vinavyotumika katika mawasiliano ya intaneti. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuitafsiri mwenyewe katika mashine yake alihitaji kompaila ya lugha ya C, lugha kongwe ambayo kompaila yake hupatikana karibu kila mahali. Katika toleo la 3.4, waundaji wake walianza kuingiza lugha ya Rust, kwa hoja kwamba lugha hiyo huzuia makosa ya matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo, katika programu za C, yamekuwa chanzo cha mianya mingi ya kiusalama.

Nia ilikuwa njema. Watumiaji waliopokea mafaili yaliyokwisha kutafsiriwa hawakuhisi lolote. Lakini wale waliotumia mfumo endeshi wa Alpine Linux, pamoja na wale waliokuwa na toleo la zamani la pip, yaani programu inayosakinisha maktaba za Python, ilibidi waitafsiri maktaba hiyo wenyewe, na hapo ndipo walipogundua kuwa Rust inatakiwa. Wenye mashine adimu, kama zile za prosesa aina ya Alpha na HPPA, walikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwani Rust haikuwa ikizitambua mashine hizo kabisa.

Lawama zikatoka kila upande. Waundaji walisema kuwa mpango huo ulikwisha kujadiliwa miezi kadhaa kabla katika orodha yao ya barua pepe. Watumiaji nao walilalamika kuwa si wasomaji wa orodha hiyo, na kwamba namba 3.4, ikifuata 3.3, iliwafanya waamini kuwa mabadiliko yaliyofanywa ni madogo.

Kisa hicho kinaibua swali ambalo halina budi kujibiwa na kila anayetoa maktaba kwa matumizi ya umma: je, mtumiaji anaelezwa wapi, lini na kwa lugha gani kuhusu kompaila anayopaswa kuwa nayo?

Kompaila na maktaba ni nini?

Kwa msomaji asiye mtaalamu, ni vyema kwanza kufafanua maneno haya mawili. Kompyuta haielewi maandishi ya lugha za kuandikia programu kama C, C++ au Rust. Inaelewa amri za mashine tu, ambazo ni mfululizo wa namba. Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mwandishi, yaitwayo msimbo, na kuyageuza kuwa amri hizo. Mmarekani Grace Hopper anatajwa kuwa mmoja wa waasisi wa fani hii kutokana na kazi aliyoifanya mwaka 1952.

Maktaba, kwa upande wake, ni mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo mtu mwingine huweza kuvitumia badala ya kuanza upya. Anayetengeneza programu ya benki hahitaji kubuni mwenyewe namna ya kusimba taarifa. Huchukua maktaba iliyoandikwa na wataalamu wa fani hiyo.

Leo hii zipo kompaila nyingi. Kwa lugha za C na C++, zinazojulikana zaidi ni GCC, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman, Clang, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi na kampuni ya Apple mwaka 2007, na kompaila ya Microsoft inayokuja pamoja na Visual Studio. Kila moja ina matoleo yake, na matoleo hayo hayafanani kwa uwezo. Hivyo basi, kusema tu kwamba maktaba fulani "imeandikwa kwa C++" hakumtoshelezi mtumiaji, kama vile kumwambia msafiri kuwa basi linakwenda kaskazini kusivyomwambia atashukia wapi.

Sura tatu za tatizo

Tatizo la kupatana kwa maktaba na kompaila lina sura tatu, na mara nyingi maelezo ya maktaba hutaja moja tu na kuziacha nyingine.

Sura ya kwanza ni ya lugha yenyewe. Lugha ya C++ hutolewa kiwango kipya kila baada ya miaka mitatu, kuanzia kile cha mwaka 2011, kikafuatiwa na vya 2014, 2017, 2020 na 2023. Maktaba iliyotumia mambo mapya ya kiwango cha 2017 haiwezi kutafsiriwa na kompaila iliyotoka kabla ya hapo. Mfano mzuri ni mfumo endeshi wa CentOS 7, ambao ulitumika sana katika seva na ambao muda wake wa kuhudumiwa ulimalizika Juni 30, 2024. Kompaila yake ya kawaida ilikuwa GCC 4.8, ya mwaka 2013. Aliyejaribu kuitumia kutafsiri maktaba ya kiwango cha 2017 hakuambiwa kwamba kompaila yake ni ya zamani. Alichokiona ni mamia ya mistari ya hitilafu zilizoelekeza ndani ya mafaili ambayo hakuyaandika yeye.

Sura ya pili imejificha zaidi. Inahusu mafaili ambayo yamekwisha kutafsiriwa. Ili vipande viwili vilivyotafsiriwa kwa nyakati tofauti viweze kufanya kazi pamoja, lazima kompaila zilizovitafsiri ziwe na mapatano ya namna moja kuhusu mambo ya ndani: taarifa hupangwaje katika kumbukumbu, kazi huitwa kwa jina gani, na matokeo hurudishwa kwa njia ipi. Mapatano hayo yakibadilika, vipande hukataa kuungana, au, jambo lililo baya zaidi, huungana na kisha programu kuanguka ikiwa kazini.

Historia ina mifano. Mwezi Septemba 2000, kampuni ya Red Hat ilitoa toleo la 7.0 la mfumo wake wa Linux likiwa na kompaila iliyoitwa GCC 2.96. Mwezi uliofuata, kamati inayosimamia GCC ilitoa taarifa kwamba toleo lenye namba hiyo halikuwa limetolewa nayo wala halingetolewa, na kwamba mafaili ya C++ yaliyotafsiriwa kwa kompaila hiyo yasingepatana na yale ya toleo la 2.95 wala na yale ya toleo la 3.0 lililokuwa likisubiriwa. Mtumiaji wa kawaida, aliyeiona namba 2.96 ikifuata 2.95, hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kuitazama namba peke yake.

Mfano wa pili ni wa Aprili 2015, wakati GCC 5 ilipotoka. Kiwango cha mwaka 2011 kilikuwa kimebadilisha masharti ya namna ya kuhifadhi maneno na orodha, hivyo waundaji wa GCC wakalazimika kubadili umbo la vitu hivyo. Waliweka umbo la zamani na jipya kwa pamoja ili programu zilizokuwapo zisivunjike. Hata hivyo, aliyechanganya maktaba iliyotafsiriwa kwa umbo moja na programu yake iliyotafsiriwa kwa umbo jingine aliambiwa kwamba kazi fulani haijulikani, ingawa kwa macho yake aliiona imo ndani ya maktaba. Dalili pekee ilikuwa herufi "cxx11" zilizochomekwa katikati ya jina refu.

Sura ya tatu husahauliwa kabisa na wengi. Hudhaniwa kwamba kompaila mpya haiwezi kuwa na madhara kwa msimbo wa zamani. Dhana hiyo si sahihi. GCC 14, iliyotolewa Mei 2024, iligeuza kuwa makosa kamili baadhi ya mambo ya lugha ya C ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakipita kwa onyo tu, kama vile kuita kazi ambayo haikutangazwa. Maktaba za zamani ambazo hazikuwa zimerekebishwa zilikataa kutafsiriwa. Hivyo, maelezo kamili ya maktaba hayana budi kutaja mipaka miwili: kompaila ya chini kabisa inayokubalika, na ya juu kabisa ambayo maktaba imejaribiwa nayo.

Kompaila zenye majina ya kuazima

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini maktaba isiikague yenyewe kompaila na kumwambia mtumiaji? Jibu ni kwamba inawezekana, lakini ukaguzi huo una mitego.

Clang, kwa mfano, hujitambulisha kwa misimbo ya zamani kana kwamba ni GCC 4.2.1, ili programu zilizoandikwa kwa ajili ya GCC zisiikatae. Maktaba inayotazama namba hiyo tu itadhani inashughulika na kompaila ya kale, ilhali mtumiaji ana Clang ya mwaka huu. Vivyo hivyo, kompaila ya Microsoft, isipoamriwa vinginevyo, hujitangaza kuwa inafuata kiwango cha C++ cha mwaka 1998, hata ikiwa inaelewa mambo ya mwaka 2020.

Ndiyo maana wataalamu hushauri kwamba maktaba iulize uwezo badala ya jina. Kiwango cha C++ cha mwaka 2020 kiliweka rasmi alama ambazo kwazo msimbo huweza kuuliza kama jambo fulani la lugha linatambuliwa na kompaila iliyopo. Swali la "je, unalijua jambo hili?" hupata jibu la kweli zaidi kuliko lile la "wewe ni nani?"

Aidha, ujumbe wenyewe unapaswa kueleweka. Waandishi wa lugha ya Java wanalijua vyema tatizo hili. Mtu akitumia maktaba iliyotafsiriwa kwa ajili ya Java 17 katika mashine yenye Java 8, huambiwa kwamba faili ni la toleo la 61.0 na kwamba mashine yake inatambua hadi 52.0. Ujumbe huo ni wa kweli, lakini humwacha gizani asiyejua kwamba 61 maana yake ni Java 17, na 52 ni Java 8. Neno moja tu, "sakinisha Java 17", lingemwokolea saa nzima ya kutafuta.

Waliofanya vizuri

Wapo waliolishughulikia suala hili kwa namna inayofaa kuigwa. Mradi wa Boost, ambao hutoa mkusanyiko mkubwa wa maktaba za C++, umekuwa na desturi ya kuorodhesha katika taarifa ya kila toleo kompaila ambazo toleo hilo limejaribiwa nazo. Faida ya orodha hiyo ni kwamba haisemi "inapaswa kufanya kazi". Inasema "tumeijaribu". Tofauti ya kauli hizo mbili ni kubwa kwa mtu anayebeba dhamana ya mfumo wa hospitali au wa malipo.

Wasimamizi wa Debian nao, walipokabiliana na mabadiliko ya GCC 5 mwaka 2015, waliongeza alama "v5" katika majina ya vifurushi vya maktaba vilivyoathirika. Kwa njia hiyo, mfumo wenyewe ulizuia la zamani na jipya visichanganywe, na msomaji wa jina la kifurushi alijua mara moja alichonacho.

Kampuni ya Microsoft, ambayo zamani kila toleo kubwa la kompaila yake lilivunja mapatano na lililotangulia, iliweka ahadi kuanzia Visual Studio 2015. Mafaili yaliyotafsiriwa kwa toleo hilo na yale ya 2017, 2019 na 2022 huweza kuunganishwa pamoja, kwa sharti kwamba kiunganishi kinachotumika kisiwe cha zamani kuliko kompaila mpya kuliko zote zilizohusika. Ni ahadi fupi, yenye sharti lililotajwa wazi.

Katika lugha ya Rust, tangu toleo la 1.56 la Oktoba 2021, mwandishi wa maktaba huweza kutaja katika faili la maelezo namba ya chini ya kompaila inayohitajika. Kuanzia toleo la 1.84 la Januari 2025, programu ya Cargo inayosimamia maktaba za lugha hiyo huweza kuizingatia namba hiyo na kumchagulia mtumiaji toleo la maktaba linalopatana na kompaila aliyonayo. Hapo maelezo yametoka katika karatasi na kuwa jambo ambalo mashine yenyewe inalitekeleza.

Nao waundaji wa Spring, mfumo maarufu wa kutengenezea programu za Java, walitangaza Septemba 2021 kwamba toleo lao la 6 lingehitaji Java 17. Toleo hilo lilitoka Novemba 2022. Watumiaji walipata zaidi ya mwaka mmoja wa kujiandaa, na mabadiliko yakaambatana na namba mpya kubwa, si ya pembeni.

Hata waundaji wa cryptography walijifunza. Baada ya mfululizo wa 3.4, walibadili utaratibu wa namba, na toleo lililofuata likaitwa 35.0, ili mtu asijenge tena matumaini juu ya nukta iliyo katikati ya namba.

Mambo yasiyopaswa kukosekana

Kutokana na mifano hiyo, yapo mambo machache ambayo kila maktaba inayotolewa kwa umma inapaswa kuyaweka wazi. Kwanza, itaje kiwango cha lugha na toleo la chini la kila kompaila, kwa namba, katika ukurasa wa kwanza anaousoma mtumiaji. Pili, ieleze kompaila na mifumo endeshi iliyojaribiwa, ikitenganisha kilichojaribiwa na kinachodhaniwa. Tatu, kama inatoa mafaili yaliyokwisha kutafsiriwa, iseme yametafsiriwa kwa kompaila ipi na yanapatana na zipi. Nne, isimame mwanzoni kabisa mwa kazi ya kutafsiri na kutoa ujumbe mmoja unaoeleweka pale kompaila isipofaa. Tano, itangaze mapema, tena pale watumiaji walipo, nia ya kuacha kuhudumia kompaila fulani, na iseme toleo la mwisho litakalofaa kwa wasioweza kuhama.

Jambo hilo la tano lina uzito wa pekee. Mtumiaji aliyekwama katika toleo la zamani la maktaba hukosa pia marekebisho ya usalama yanayotolewa katika matoleo mapya. Akiwa hajui kwamba kikwazo ni kompaila, huweza kukata tamaa na kuendelea na toleo lenye mwanya, akiwaweka hatarini watu ambao hawajawahi hata kulisikia jina la maktaba hiyo.

Kwa mwandishi wa programu wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi hununua intaneti kwa kipimo cha megabaiti, gharama ya kutokujua huonekana hata mfukoni. Kusakinisha zana za C++ za Visual Studio huchukua gigabaiti kadhaa. Si haki mtu apakue mzigo wa namna hiyo, kisha ndipo aambiwe kuwa alihitaji toleo jingine.

Watumiaji nao wana wajibu wao. Kabla ya kuchagua maktaba, mtu hana budi kuijua kompaila aliyonayo. Anayetumia Ubuntu 20.04, kwa mfano, hupata GCC 9 kama kompaila ya kawaida, wa 22.04 hupata GCC 11, na wa 24.04 hupata GCC 13. Kuandika namba hizo katika kumbukumbu za mradi, pamoja na namba kamili ya kila maktaba inayotumika, huzuia mabadiliko ya usiku mmoja kama yale ya Februari 2021. Anaporipoti hitilafu pia, aanze kwa kutaja namba hizo, kwani bila ya hizo waundaji hawawezi kumsaidia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba za programu ni mali ya watu wengi, na nyingi kati ya hizo hutolewa bure na watu wanaojitolea muda wao. Kuongeza mistari michache inayosema ukweli kuhusu kompaila hakugharimu fedha yoyote. Kutokuiandika hugharimu siku za kazi za watu ambao mwandishi hatawaona kamwe, na wakati mwingine hugharimu usalama wa wale wanaowategemea.